Usicheze na Bavulana

Wanangu wa maternite, wodi yetu ya wazazi, siku mliponiaga mlinipa kitenge, mkanipigia makofi, kisha mmoja wenu akasema, mama, utuandikie kidogo mambo ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji. Nafikiri alisema kwa adabu tu, kama mtu anavyomwambia mgeni arudi tena. Bahati mbaya nimelichukua neno lake kwa uzito. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitawaandikia miaka ile ya hamsini, nilipokuwa mkunga msaidizi kijana hapa Baraka, na hasa nitawaandikia neno moja lililonishinda. Niliingia kazini nikalikuta, na nimestaafu nimeliacha palepale.

Nilizaliwa Ubwari, rasi ya wavuvi kwenye ziwa Tanganyika, nikasomea ukunga kwa masista, nikaletwa Baraka kwa mtumbwi siku ya upepo. Nilitapika njia nzima, jambo ambalo mtu wa Ubwari hakubali kulikiri mbele ya watu. Nilipokelewa na Masere. Tulikuwa tunawaita hivyo masista wote wa Kizungu, lakini kwangu mimi Masere alikuwa huyu mmoja, mrefu, mwekundu wa jua, mwenye mikono mikubwa kuliko ya wanaume wengi. Hakuniuliza habari za safari. Alinipa kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akaniambia nisikilize kwanza, niongee baadaye. Nilikitumia kipembe hicho mpaka ukingo wake ukachakaa na kuwa laini kama kijiko cha zamani. Ninyi sasa mna vya chuma. Vya chuma ni baridi kwenye tumbo la mama, vipasheni joto kwanza mkononi.

Kazi ya mikono niliijua upesi. Kuchemsha sindano juu ya jiko la primusi, kukata kitovu, kuchanganya ile dawa ya zambarau ya kuoshea mpaka maji yawe na rangi ya divai hafifu, si zaidi, maana ikizidi inaunguza. Vidole vyangu vilikaa na rangi ile mwaka mzima na watoto wa jirani wakanicheka. Kilichonitesa ni maneno. Mgonjwa anaingia, anakaa, anaangalia mlango, anasema anaumwa "huku". Huku wapi? Huku. Kibembe, lugha ya hapa, kina majina ya sehemu zote za mwili, tena mazuri, lakini ya sehemu za siri ni majina ambayo huwezi kuyatamka mbele ya mtoto wako wala mbele ya mkwe. Majina ya Kiswahili tuliyokuwa nayo yalikuwa ya matusi, yaliyoletwa na madereva wa malori ya pamba. Ya Kifaransa aliyajua Masere peke yake. Kwa hiyo sehemu ile ya mwili hapa Baraka haikuwa na jina ambalo mtu mwenye heshima angeweza kulisema kwa sauti.

Mtaona ninachomaanisha. Siku moja baba mmoja alimleta kijana wake, mwanafunzi wa shule ya misheni, sauti yake imeanza kuvunjika juzijuzi. Akamwambia Masere mtoto ameshikwa na baridi. Masere akamsikiliza kifua, hakusikia kitu, akampa dawa ya kujipaka kifuani na blanketi la kukopa. Kumbe mjini wakati ule "baridi" ilikuwa ndiyo sopisi, ule ugonjwa wa kukojoa kwa maumivu. Kijana alikaa wiki nzima akijipaka kifuani na kulia chooni. Aliporudi tena ameinama, mimi ndiye niliyeelewa, nikamwita nesi wa kiume ampige sindano ya penisilini. Baba yake alikuwa amekaa nje. Nilipomweleza kwamba akae na mwanawe, amwambie ugonjwa ule unatoka wapi na unaepukwa vipi, alinitazama kama vile nimemwambia avue nguo sokoni. Akasema mtoto ameshapona baridi, basi.

Si kwamba watu wetu hawakuwa na njia. Walikuwa nayo. Kwa Wabembe mama hamwambii binti yake mambo hayo, na baba ndiyo kabisa. Mwenye kazi hiyo ni bibi. Msichana akishaanza kuona mwezi anahamia kulala kwa bibi yake, na bibi anamwambia yote, waziwazi, kwa majina yake, huku wanacheka. Mimi bibi yangu wa Ubwari aliniambia tukiwa tunamenya mihogo. Hakunitazama usoni hata mara moja, aliutazama muhogo, na mimi nikautazama wa kwangu, na kufikia chini ya kikapu nilikuwa najua mimba inaingiaje, ugonjwa unaingiaje, na mwanaume anasema maneno gani anapotaka kukudanganya. Hilo la mwisho limenisaidia hata na wakubwa wa kazi.

Lakini ikaja barabara, ikaja pamba, serikali ikataka watu washuke wakae kandokando ya njia ambapo inaweza kuwahesabu. Vijana walishuka na watoto wao. Bibi wengi walibaki juu milimani upande wa Fizi, na migomba yao. Hapa chini wasichana walianza kuona mwezi katika nyumba ambazo hazikuwa na mtu wa kuwaambia kitu. Mama akajikuta peke yake na kazi isiyo yake, akatafuta la kusema, akapata hilo moja. Usicheze na bavulana. Nyumba zote, za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Waislamu wa kule ufukweni, zilikubaliana kwa neno hilo, na sijui jambo lingine walilowahi kukubaliana.

Masere alijaribu. Aliwakusanya wazazi Jumapili baada ya misa, akachora mmea wa muhindi ubaoni, akaeleza unga wa juu unavyodondokea nywele za chini na punje inavyoanza. Alikuwa amejiandaa vizuri, masikini. Wazazi walifuatilia kwa makini sana kwa kuwa wote walikuwa wakulima. Mwishoni alisimama katekista Wilondja, mtu wa heshima, mwenye suti moja ya kaki iliyopigwa pasi kila siku, akashukuru kwa mafundisho na kuuliza kama muhindi ukipandwa karibukaribu na pamba unaharibika. Masere aliketi. Jioni aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni ni wapi alipokosea. Nilimwambia hakukosea, ila wamesikia muhindi.

Wilondja huyo alikuwa na mke tuliyemwita Mama Agnesi, na mabinti wawili, Agnesi na mdogo wake Tereza. Mama Agnesi alikuwa rafiki yangu, kwa kadiri mkunga anavyoweza kuwa na rafiki, maana watu wakikuona wanakumbuka maumivu. Siku moja alikuja zahanati bila mgonjwa, akakaa kwenye benchi mpaka wengine wakaondoka, akaniambia Agnesi ameona mwezi. Nikamuuliza amemwambia nini. Akasema amempa vitambaa na kumwambia asicheze na wavulana. Nikamwambia hiyo haitoshi, mtoto akisikia kucheza anafikiria kamba na kokoto, mwambie jambo lenyewe. Alivuta uzi wa kitenge chake.

"Nitasema na kinywa gani?" akaniuliza. "Kinywa hii njo nilimutafuniaka chakula."

Yaani kinywa kilekile alichomtafunia chakula akiwa mchanga. Nilijitolea kumwambia msichana mimi mwenyewe. Hakutaka. Alisema mimi si ukoo, watu watasema ametoa mtoto wake afundishwe na mtu wa barabarani, na mume wake ni katekista. Tukapatana kitu kingine, kwamba amwite bibi ashuke. Nilifurahi siku ile. Niliona tumepata mlango.

Bibi alishuka kutoka milimani na kikapu cha maharage, mwanamke mwembamba mwenye rozari shingoni. Nilikwenda kumwamkia. Aliposikia ameitiwa nini, alikunja midomo. Alisema alipobatizwa uzeeni aliambiwa mazungumzo yale ya usiku na wajukuu ni mambo ya kipagani, ayaache, naye aliyaacha.

"Niliapa mbele ya padri," akasema. "Mi si muntu ya kuapa na kurudia. Na mukwe wangu iko katekista. Munataka anione je?"

Mkwe wake, aliyekuwa katekista, alikuwa mlangoni akisikia, na alitikisa kichwa kwa kuridhika. Wilondja alimpenda binti yake, msinielewe vibaya. Alimnunulia viatu wakati wasichana wenzake walikuwa pekupeku. Lakini aliona jambo limefungwa vizuri, bibi amelikataa kwa sababu ya dini, mama kwa sababu ya haya, yeye kwa sababu ni mwanaume, misheni inasema ni kazi ya wazazi. Maharage tuliyala. Bibi alipanda tena mlimani baada ya siku chache. Agnesi aliendelea na shule ya masista, alijua kushona, alijua katekisimu yote, na aliambiwa asicheze.

Miaka kadhaa ikapita, nikazalisha wengi, wengine wazima. Agnesi alikuwa na kama miaka kumi na sita alipokuja zahanati peke yake asubuhi moja, msimu wa kupalilia pamba. Alikuwa amevaa vile viatu. Aliomba dawa.

"Mama, naomba dawa ya minyoka," akasema. "Inatembea mu tumbo."

Minyoka ndivyo tunavyoita minyoo. Tumbo nililiona kabla hajamaliza kusema, lakini nilimlaza kitandani maana mikono yangu haikutaka kukubali. Niliweka kipembe, nikaweka sikio. Moyo ulikuwa unapiga, wa haraka, wenye nguvu, moyo mzuri. Nilikaa pale nimeinama kwa muda kuliko ilivyohitajika ili asione uso wangu. Yeye alidhani nahesabu minyoo.

"Ni mingi?" akaniuliza.

"Si minyoka, mwanangu. Ni mutoto."

"Mutoto ya nani?"

Nimesikia maswali mengi katika kitanda kile, wanangu. Hakuna lililonikata kama hilo, kwa sababu hakuwa akitania. Nilimwambia ni wake. Alikaa, akavuta gauni likafunika magoti, akaanza kunieleza kwa upole, kama mtu anayesahihisha kosa la mkubwa.

"Haiwezekane, mama. Mi sikuchezaka. Mama alinikatazaka, na mi sikuchezaka hata siku moya."

Nilimuuliza kama hapakuwa na kijana. Akasema alikuwepo, mtoto wa kanisa lao, umri wake, anasoma ufundi wa useremala. Lakini hawakucheza, walikuwa wanaongea mambo ya kweli, mambo ya ndoa. Kucheza ni kwa watoto, akasema. Nikamhoji yule kijana baadaye. Alilia mbele yangu. Kwao pia alikuwa ameambiwa asicheze na wasichana, na yeye pia alikuwa ametii.

Siku ile nilimweleza Agnesi kila kitu kwa majina yake yote, nikiwa nakunja vitambaa ili asilazimike kunitazama. Alisikiliza vizuri. Alikuwa msikivu tangu utoto, ndiyo balaa yenyewe. Mwisho aliuliza kwa nini hakuna mtu aliyemwambia, nikamwambia walijaribu, na hata mimi niliposikia sauti yangu nilijionea aibu. Nilimwambia miguu yake imeanza kuvimba, aje kila wiki, mimba ya msichana mdogo si ya kuachwa peke yake. Alikubali. Nilimpeleka nyumbani mwenyewe, nikamwambia mama yake, na mama yake akakaa chini sakafuni.

Wiki iliyofuata hakuja. Nilikwenda nyumbani kwao. Wilondja alinipokea nje, suti imepigwa pasi, uso umekauka kama mtu aliyetoka homa.

"Mama Musaidizi, mutoto iko ku mulima," akaniambia. "Anasaidia shangazi yake kulima."

Nilimwambia anajua na mimi najua. Nilimwambia wazi kwamba miguu ile inaweza kumuua, kwamba huko juu hakuna sindano wala mtu wa kuisukuma. Aliangalia ardhi. Alisema kama watu wakiona tumbo lile atavuliwa ukatekista, na watoto wengine watakula nini na watamwita nani. Masere naye alikwenda kwa Wilondja, akarudi akiwa mwekundu zaidi. Nilituma maneno kwa wauza mkaa, kwa wanaobeba muhogo, kwa kila mtu aliyekuwa anapanda mlimani. Shangazi akajibu kwa njia ileile kwamba mtoto hajambo, analima.

Alishushwa mwishoni mwa masika, amebebwa kwenye tipoyi na wajomba, kiti kile cha miti miwili walichokuwa wakibebewa wakubwa wa serikali. Walichelewa kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Degedege, kile kifafa cha mimba, ilikuwa imeshamshika njiani. Uso wake ulikuwa umevimba hata nisingemjua kama si viatu, maana mtu fulani alikuwa amemvisha viatu kwa ajili ya kushuka mjini. Masere alifanya alichojua, nami nilifanya nilichofundishwa, chumba kuwekwa giza, mdomo kuwekewa kitambaa, sindano, maji. Kipembe niliweka mara moja tu. Hakukuwa na kitu. Mama yake alisimama ukutani. Agnesi alifariki kabla ya jua kupanda juu, hakuamka kusema neno, na sina maneno yake ya mwisho ya kuwapa.

Tulimwosha mimi na mama yake. Mama Agnesi alimwosha kichwa, mikono, miguu ile, kila kidole, akiongea naye kwa Kibembe kama anavyoongeshwa mtoto mchanga. Alipofika kiunoni alisimamisha mkono. Alinipa kitambaa.

"Huko osha we," akasema.

Nikaosha mimi.

Najua mnasubiri niwaambie la kufanya, maana mko kazini bado. Nitawaambia kile ninachowaambia wazazi tangu mwaka ule. Mwanze mtoto akiwa mdogo, mwili upeni majina, hata kama ni majina ya kuazima. Msimwite mtoto akae mbele yenu kama hakimu na mshtakiwa. Shikeni kazi ya mikono wote wawili, muhogo, maharage, wavu wa kushona, mseme huku mnatazama kazi. Semeni mimba, semeni ugonjwa, semeni kwamba mapenzi si mchezo na ndiyo maana watoto wanaingia humo wakiwa na nia njema. Wavulana pia. Mrudie, si mara moja. Kama kinywa kimekataa, mtafuteni mtu ambaye chake hakijakataa kabla mtoto hajaja kuomba dawa ya minyoo. Nimeyasema haya Baraka, Fizi, Nundu, mpaka kule kwetu Ubwari. Wanaitikia. Wananipa hata samaki wa kurudi nao. Kisha wanakwenda nyumbani wanasema usicheze, na baada ya miaka michache naweka kipembe. Sitawadanganya kwamba nimeona kizazi kikibadilika.

Nimalizie na kilio cha Agnesi, yale matanga yake, maana hapo ndipo nilipojua kazi hii itanishinda. Watu walikuwa wengi, wamekaa kwenye mikeka uani kwa Wilondja. Yeye alikuwa bado katekista. Watu walisema mtoto amekufa kwa malaria, na kila aliyesema alijua sivyo. Tereza, mdogo wake, aliyezoea kumwita yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa na miaka kama tisa. Alikuwa pembeni karibu na ukuta pamoja na binamu zake wa kiume, wanarusha kokoto na kuzidaka kwa kiganja, mchezo ule wa watoto wote. Mama yake aliinua kichwa akamwona. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti imekwisha.

"Tereza, toka pale," akamwambia. "Unaona yaya yako? Si nilimwambia asicheze na bavulana?"

Mtoto alizitazama kokoto mkononi mwake. Akaziweka chini moja moja, taratibu, mbali na mguu wake, akajipangusa kiganja kwenye gauni. Akaja akakaa kwenye mkeka kati ya mama yake na mimi. Alikaa kidogo, kisha akamvuta mama yake kitenge.

"Mama, yaya alicheza muchezo gani?"

Mama yake akamwambia anyamaze, kuna watu.